Kabla hujauliza jina la mgeni, mpe chakula

Mhariri, wiki hii mmeuliza hadithi za kale za Wagiriki zinatuonyesha nini kuhusu maisha yao wenyewe, na najua wengi wataandika kuhusu Zeus, mungu wao mkuu, na vituko vyake vya wanawake. Mi nasema ugeni. Soma Odyssey, utenzi wa Homer kuhusu Odysseus, mfalme wa Kigiriki anayehangaika kurudi kwao baada ya vita ya Troy, ukitoa yale majitu na dhoruba, sehemu kubwa ya stori ni mtu kafika mlangoni kwa watu na tunasubiri kuona atapokelewaje.

Utaratibu wao ulikuwa hivi, mgeni akija anapewa maji ya kunawa, anakalishwa, anakula anashiba, ndo anaulizwa we nani na umetokea wapi. Odysseus alipofika kwa mfalme Alcinous alilishwa, akaangalia michezo, akaahidiwa na meli ya kumrudisha kwao, na muda wote huo jina lake hawalijui! Sasa linganisha na lile jitu la jicho moja, Polyphemus, lenyewe linawakuta watu pangoni mwake na kitu cha kwanza ni maswali, nyie kina nani, wafanyabiashara au maharamia? Afu linatafuna wawili. Na zawadi ya ugeni linayomwahidi Odysseus ni kwamba atamla wa mwisho, hahaha. Msikilizaji wa zamani alishajua huyu ni mshenzi kabla hata hajala mtu, kwa vile alivyoanza kuuliza tu.

Kwa nini walikazania hivyo? Nchi ya milima na visiwa, vijimji mamia kila kimoja na serikali yake, ukitoka kwenu huna polisi wala ubalozi wala gesti. Kwa hiyo ulinzi wa msafiri akakabidhiwa Zeus mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine wa kumkabidhi. Na undugu wa mgeni na mwenyeji ulirithiwa, kwenye Iliad, utenzi mwingine wa Homer kuhusu hiyo vita ya Troy, kuna Diomedes na Glaucus, maadui wa pande mbili, wanakutana vitani wauane, wakagundua babu wa mmoja aliwahi kumkaribisha babu wa mwenzie siku 20, basi wakaacha kupigana wakabadilishana silaha za kujikingia. Glaucus katoa za dhahabu za thamani ya ng'ombe 100 akapokea za shaba za ng'ombe 9, na Homer mwenyewe anamcheka. Hata vita yenyewe ya Troy chanzo ni mgeni, Paris, mwana wa mfalme wa Troy, kala kwa Menelaus, mfalme wa Kigiriki, afu kaondoka na mke wa mwenye nyumba.

Sisi tunasema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, wale wanaume 108 waliojazana nyumbani kwa Odysseus kumposa mkewe, wakidhani mwenyewe kafa, walikuwa mwaka wa nne wanachinja mifugo ya watu na jembe hawajaliona.

Ila kinachonivutia zaidi ni kile ambacho hadithi inakisema bila kukusudia, yaani ukarimu wote ule nani alikuwa anaufanyia kazi? Maji ya kunawa yanaletwa na kijakazi. Eurycleia, yule bibi aliyemuosha Odysseus miguu akamtambua kwa kovu, alinunuliwa na baba yake Odysseus kwa thamani ya ng'ombe 20, na bibi alipomtambua, Odysseus akamkaba koo amtishe asiseme, mtu aliyemlea! Afu mwishoni wale wanaume wakishauawa, vijakazi 12 waliolala nao wanaamriwa kwanza wabebe maiti na kusafisha damu ukumbini, halafu wananyongwa. Homer anapita haraka tu, kwake ni haki imetendeka. Lakini kurasa chache nyuma Odysseus mwenyewe, akiwasomea wale wanaume makosa yao, kasema mlikuwa mnalala na vijakazi wangu kwa nguvu. Kwa nguvu, kasema mwenyewe! Kosa kwake lilikuwa kuchezewa mali yake, na mali iliyochezewa nayo ikaadhibiwa, na hakuna hata mmoja ndani ya ile nyumba anayeona hapo kuna tatizo.