Kwa masaisi wapya: mavi yakitoka getini bado ni yako

Wiki hii nimemwona kijana mgeni wa kazi akisukuma wilbaro iliyojaa hadi nyuma ya banda la nyasi. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwaga pale pale maji ya paa yanapoangukia, kisha akarudi akipiga mluzi. Mwenzake alikuwa uani na mpira wa maji, akiyasukuma mavi yaingie kwenye mtaro wa nje. Sikugomba sana (waliokuwepo watabisha). Nimeona bora niandike, maana kila kundi jipya huanzia pale pale kundi lililotangulia lilipoanzia, na koo langu limechoka.

Nawaandikia ninyi masaisi, watunza farasi, mlioanza kazi hivi karibuni kwenye mabanda ya farasi ya Karen, Lang'ata na kule Ngong, pembeni mwa Nairobi. Kupiga brashi, kuvisha hatamu, kumtembeza farasi hadi apoe baada ya mazoezi, hayo mtafundishwa na kila mpita njia, kwa kuwa kila mtu anapenda kuonekana anawajua farasi. Mavi hayana mwalimu.

1. Jueni uzito wa mnachosukuma. Farasi wa kilo 450 hutoa kinyesi na mkojo wa kilo 22 hivi kwa siku. Kwa mwaka hiyo ni tani nane, na hapo hujahesabu maranda ya mbao wanayotandikiwa. Yadi ya farasi 20 ni kilo 440 kila siku ya Mungu, Krismasi na Idi zikiwemo. Ndiyo maana nikisikia "rundo tutaliondoa kesho" huwa nacheka. Kesho lina kilo zake.

2. Tikisa uma. Toa kilicholowa na mavi, kikavu kibaki. Mgeni wa kazi humjui kwa sura, humjua kwa wilbaro yake: nusu ni maranda masafi ambayo farasi alikuwa hajayalalia hata mara moja. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018, maranda yaliadimika na bosi akawa anahesabu magunia mwenyewe. Tuliokuwepo tulijifunza kutikisa uma kwa adabu. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba marufuku imeondolewa, na adabu nayo ikaondoka. Nisisitize hapa kwamba hili si suala la ubahili wa bosi tu. Mtaliona huko mbele.

3. Kabla ya kuchagua mahali pa rundo, simama hapo mvua inaponyesha. Ndiyo, mvua ikinyesha, vaa gambuti utoke. Angalia maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Maji ya paa yakingwe kwa mifereji yaende kwingine, na upande wa juu wa rundo uchimbwe mtaro wa kuyageuza yanayoteremka. Maji safi yakipita kwenye mavi yanachukua nitrojeni na fosforasi, na safari yao ni ndefu kuliko mnavyodhani: kijito cha bondeni huingia Mbagathi, Mbagathi huwa Athi, Athi ikishaungana na mto Tsavo huitwa Galana, na mwisho kabisa ni Sabaki inayomwaga baharini kaskazini ya Malindi. Kuna watu wanaogelea huko. Huku huku Lang'ata, jirani na Kibera, Bwawa la Nairobi lilimezwa na gugu maji. Siwezi kusema ni farasi waliolileta, maji taka ya mji ndiyo mengi, lakini gugu halichagui chakula chake kimetoka kwa nani. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza shughuli za shamba na ujenzi ndani ya ukanda wa mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande. Mimi huhesabu 30 kisha naendelea kutembea.

4. Rundo lipikwe. Vyumba vitatu vya mbao: kimoja kinajazwa, kimoja kinaiva, kimoja kinatolewa. Kimo kisipungue mita moja, la sivyo halishiki joto. Kamua konzi moja: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha, yakitiririka, funika turubai, likiwa vumbi, nyunyiza. Chomeka nondo katikati, isubiri, ichomoe uishike. Ukiweza kuishika huku unapiga soga, rundo limelala, ligeuze. Linatakiwa nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Hapo mayai ya minyoo na mbegu za magugu hufa. Usilichome moto hata siku moja, wala usilipandishe mpaka dirishani, kwa sababu rundo kubwa kavu huweza kujiwasha lenyewe kwa ndani.

5. Usimpe mtu rundo ambalo wewe mwenyewe hulijui. Hapa kaeni chini, maana hii ni yangu na bado inauma.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimepewa usimamizi wa uani, kichwa kimepanda. Bosi alikuwa na wageni wa mashindano wanakuja, na rundo lilikuwa limefika usawa wa dirisha. "Hili nisilione wakifika," akasema. Chini yetu, karibu na kijito, alikaa shosho mmoja aliyelima sukuma wiki za kuuza sokoni, na siku nyingi alikuwa akiniomba mbolea. Nikaona mambo yamejipa. Bosi atafurahi, shosho atafurahi, na mimi nitaitwa mtu wa kazi. Tukapakia pikapu, safari baada ya safari, bure. Shosho akatutengea chai na viazi vitamu. Halafu akaniuliza, "Kijana wangu, hii imeiva?"

Nikamjibu kwa kujiamini kote: "Shosho, ya farasi haina moto kama ya kuku. Mwaga nene, changanya na udongo, panda."

Lile lilikuwa swali la mtu anayejua kilimo. Mimi nilikuwa na haraka ya chai.

Miche ilishika vizuri. Baada ya muda majani ya chini yakaanza kuwa manjano, ya juu yakadumaa, mashina yakabaki membamba. Akaweka mbolea ya dukani kwa pesa za kukopa kwenye chama, na manjano hayakutoka. Siku moja nikaitwa getini. Shosho alikuwa ameshika jani moja kwa vidole viwili. Hakupaza sauti. Akaninyooshea jani, akasema, "Hebu niambie. Farasi wenu hula mbao?"

Afisa wa kilimo aliyekuja kutazama alichimbua udongo kwa kidole tu, akanionyesha. Maranda yalikuwa vilevile tulivyoyamwaga, meupe, bado yananukia saipresi. Akanieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kuguswa na cheo. Vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji nitrojeni, na visipoipata kwenye mbao zenyewe huichota udongoni. Mboga inabaki na njaa juu ya kitanda kinene cha "mbolea". Kinyesi cha farasi peke yake kina uwiano mzuri, kaboni 25 hadi 30 kwa nitrojeni moja. Maranda ni mamia kwa moja. Na kwa kuwa uani kwangu hakuna aliyekuwa akitikisa uma, wala mimi mwenyewe, rundo letu lilikuwa maranda yaliyopakwa mavi. Shosho nilikuwa nimempelekea takataka zetu, pamoja na kibarua cha kuzitupa.

Na alizitupa. Alikomba tabaka lote la juu akalirundika ukingoni mwa kijito, kwa sababu hakuwa na mahali pengine. Mvua za Aprili zikaja usiku. Asubuhi maji yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, yana povu kwenye kona, na wenye mbuzi wa upande wa chini wakaanza kupanda wakifuata mkondo, maana mifugo imekataa kunywa. Hawakuhitaji kuuliza sana. Kwenye vichaka vya kijitoni zilikuwa zimenasa kamba za nailoni za kufungia beli za nyasi kavu, za rangi ya chungwa, na bonde zima hakuna aliyenunua beli za kamba hizo isipokuwa sisi.

Tuliitwa kwa chifu. Aliyesimama kueleza ni mimi, lakini waliofoka walikuwa wakimtazama shosho, kwa sababu rundo lilikutwa shambani kwake. Alikaa na kitambaa chake kichwani, mikono magotini, anasikiliza watu wanaomjua miaka yote wakimwita mchafuzi wa maji. Nimewahi kuanguka kutoka kwa farasi, nimewahi kupigwa teke la mbavu. Kikao kile kilikuwa kibaya zaidi.

Bosi alilipa miche na hasara ya msimu, nyingine ikakatwa kwenye mshahara wangu, na sikuwa na la kusema. Jumamosi nikawa nateremka na uma na reki kuyakusanya yaliyobaki, naye anaweka kiti chake ukingoni na kunielekeza: "Hapo umeacha. Na hapo." Tuliyarudisha juu, tukayachanganya na majani mabichi ya kufyekwa na mavi ya kuku, tukayageuza mpaka yakawa meusi na kunukia udongo. Msimu uliofuata nikampelekea. Alichota kiganjani, akanusa, akakamua, akatafuta kipande cha mbao kwa ukucha. Mpaka leo hufanya hivyo kila nikimpelekea, na mimi husimama hapo kusubiri hukumu.

Kwa hiyo kamba za beli zina msumari wake mlangoni mwa kila banda, na anayeziacha kwenye wilbaro anajua nitakachosema.

6. Nzi: kwenye joto yai huwa nzi kamili kwa siku kama 7 hadi 10, basi rundo likikaa wiki mbili bila kuguswa umejifugia. Usubi ndio unaoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, na huzaliana kwenye udongo wenye maji na mavi, kwa hiyo bomba linalovuja kando ya birika ni kazi yako hata kama wewe si fundi. Usubi huuma zaidi giza likiingia, kwa hiyo ingizeni farasi ndani kabla jua halijazama.

7. Padoki, yaani viwanja vya malisho vyenye ua, zikusanywe mavi mara mbili kwa wiki. Farasi ana akili: hunyea upande mmoja, hula upande mwingine. Ukipitisha reki kutawanya mavi wakati wa mvua, umepanda minyoo padoki nzima. Yatawanye tu kwenye kiangazi kikali, jua liwaue viluwiluwi. Mvua za masika zikikolea, chagueni padoki moja ndogo iharibike, nyingine zifungwe. Ule udongo mweusi wa Lang'ata ukikanyagwa na kwato ukiwa umelowa, nyasi mtazisikia kwenye hadithi. Kijana mmoja aliniambia farasi wamechoka kufungiwa. Nikamwambia na nyasi zimechoka. Tukaachana hapo.

8. Wanunuzi. Wakulima wa uyoga ule mweupe wa vifungo wanataka matandiko ya majani ya ngano. Ya maranda hawayataki, kwa hiyo usiwachanganyie gunia ukidhani hawatajua. Wa bustani mwambie rundo lina muda gani na lina nini. Ivamektini, dawa ya minyoo, hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu, na huua watoto wa wale dundu wanaovingirisha na kuzika mavi, wanaotusaidia kazi bila mshahara. Kwa hiyo kinyesi cha siku za kwanza baada ya dawa kikusanywe kiende chumba cha kuiva, kisiachwe padoki. Mnunuzi akiuliza farasi walipewa dawa lini, mwonyeshe daftari. Liko ofisini, droo ya pili. Andikeni kwa kalamu ya wino, tarehe kwanza, na aliyeandika "juzi" ajitokeze.