Sufuria Ipi Inafaa kwa Safari Ndefu ya Miguu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajiandaa kwa safari ya miguu ya wiki kadhaa, na kila nitakachotumia nitakibeba mgongoni. Nimeshauriwa kununua sufuria ya titani kwa kuwa ni nyepesi, ila bei yake inazidi sana ile ya alumini. Je, gharama hiyo ina maana? Na ukubwa gani unamtosha mtu mmoja?

JIBU: Ndugu Msomaji, amua kwanza kama utapika au utachemsha maji tu, kwa sababu uamuzi huo ndio utakaokuchagulia sufuria.

Wengi hudhani kwamba titani ni nyepesi kuliko alumini, kumbe sivyo: sentimita moja ya ujazo ya titani ina takriban gramu 4.5, ilhali ya alumini ina gramu 2.7. Wepesi wa sufuria za titani unatokana na uimara wa metali hiyo, unaomwezesha mtengenezaji kufanya kuta ziwe nyembamba mno bila kubonyea ovyo. Lakini titani hupitisha joto vibaya, kwani alumini huizidi takriban mara 10, na kwa hiyo joto hubaki pale pale moto unapogusa, chakula kizito kikaungua katikati huku pembeni hakijaiva. Maji hayana shida hiyo, maana huzunguka yenyewe yanapopata moto.

Basi ikiwa chakula chako ni kile kilichokaushwa, kinachohitaji kumwagiwa maji ya moto tu, titani inafaa. Ikiwa utapika hasa, nunua alumini yenye utando mgumu wa oksidi. Kwa maoni yangu hata anayechemsha maji tu hapotezi kitu kwa kuchagua alumini, kwa kuwa tofauti katika sufuria ndogo ni makumi machache ya gramu, ambayo utaifidia kwa kuacha sahani na bakuli na kulia humo humo ulimopikia. Chuma cha pua ni kizito, kiache.

Kwa mtu mmoja, mililita 750 hadi 900 zinatosha, na katika nyingi za ukubwa huo kopo dogo la gesi la gramu 100 huingia ndani, jambo linalookoa nafasi kwenye shanta. Kati ya sufuria pana na ndefu yenye kitako chembamba, mimi ningechukua pana, kwa sababu miali ya moto haiipiti pembeni ikapotea. Mfuniko usiuache kwa kutafuta wepesi: bila huo maji huchelewa kuchemka, nawe utalazimika kubeba gesi zaidi.

Tahadhari mbili. Kikombe cha titani chenye kuta mbili kisiwekwe motoni kamwe, kwani hewa iliyofungiwa katikati hutanuka na inaweza kukipasua. Vilevile, ikiwa jiko lako hukaa juu ya kopo la gesi, usilizungushie kinga ya upepo pande zote, maana joto litarudi kwenye kopo na linaweza kulilipua; acha upande mmoja wazi, na uguse kopo mara kwa mara kuhakikisha halijapata moto.