Barua kwa mwanangu: fani yangu haifi

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Hapa Kibokoni hatujambo, kusi limeshaanza kuvuma na babako ana kikohozi kidogo tu. Umeniuliza: maadamu kompyuta sasa inabashiri umbo la protini, na waliobuni AlphaFold, programu inayofanya kazi hiyo, wamepewa Nobel mwaka 2024, ukisomea uzamili wa mtawanyiko wa mwanga kama mamako si utakuwa unasomea fani inayokufa?

Haifi. AlphaFold hukuonyesha protini inavyojikunja. Haikwambii kama zile zilizomo kwenye kichupa chako leo ziko mojamoja au zimeshikana mafungu. Na dawa nyingi za siku hizi ni kingamwili. Zikishikana, mwili wa mgonjwa unaweza kuzipinga. Swali hilo ndilo lililonilisha, na karo yako likalipa.

Unapitisha leza kwenye maji yenye protini. Ukali wa mwanga unaotawanyika hukupa uzito wa molekuli, na hesabu yake aliitoa mwanasayansi Debye mwaka 1944. Mwanga huo pia humetameta, kwa sababu maji yanazisukuma molekuli huku na huko: ndogo hukimbia, kubwa hujikokota, na kasi ya kumetameta ndiyo inayokupa ukubwa wao. Kingamwili yenye uzito wa daltoni 150,000 hivi (daltoni moja ni kama uzito wa atomu ya hidrojeni) utaiona na kipenyo cha kama nanomita 10. Hukuigandisha, hukuitia rangi, na ukimaliza waweza kuirudisha chupani.

Adui ni vumbi. Kwa chembe ndogo hivi, iliyo kubwa mara 10 kwa kipenyo hutawanya mwanga mara 1,000,000. Punje moja ikipita mbele ya leza, protini zako zimekwisha habari. Kwa hiyo nusu ya kazi yangu ilikuwa kuosha: kuchuja bafa (maji ya chumvi yanayobeba protini), kufunika vichupa, kugombana na anayefungua dirisha joto la kaskazi likizidi. Halafu kukodolea chati ya ukali wa mwanga. Mstari ukiruka ghafla, shuku vumbi. Ukipanda polepole, huenda protini zinashikana. Programu usiiamini sana, itakuchorea vilele vitatu vya kupendeza, kila kimoja eti ni ukubwa wa chembe, na viwili ni uzushi.

Kabla hujatia sahihi, muulize profesa wako mashine yao inapima mwanga uliotawanyika kutoka pembe ngapi. Kwa ukubwa, moja itakutosha. Uzito wa molekuli ndefu kama DNA unataka pembe nyingi, na mwanakemia Zimm alishaonyesha mwaka 1948 namna ya kuziunganisha kwenye mchoro mmoja. Akikujibu kwamba hajui, tafuta profesa mwingine.

Mamako