Umetoka kwenye semi, unataka dampa: nisikilize kwanza

Jumapili iliyopita kijana mmoja alinikuta kijiweni Ngamiani, hapa Tanga, nakunywa kahawa, akavuta kiti. "Kaka, nasikia machimbo wanatafuta watu wa madampa, yale malori makubwa ya kubeba mawe. Mimi semi nimelivuta miaka minne, kutoka bandarini hapa mpaka Arusha. Dampa litanishinda kweli?"

Nikamwambia litamshinda yeye kabla ya kumshinda mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania. Na kwa kuwa wanaoniuliza swali hilo ni wengi, naandika hapa yale niliyokuwa namweleza mpaka kahawa ikapoa.

Mimi mwenyewe nilitoka barabarani. Niliingia machimbo ya mawe ya chokaa nikiwa na leseni mfukoni na kiburi kifuani. Mawe ya chokaa huku kwetu si haba: yale Mapango ya Amboni wageni wanayokwenda kuyapiga picha ni chokaa iliyoliwa na maji, na mawe ya aina hiyo ndiyo yanayolisha viwanda vya saruji. Kazi ya kuyabeba ipo. Lakini wiki tatu za mwanzo sikukabidhiwa hata ufunguo, na nilinuna sana.

Mzee aliyetufundisha, sote tulimwita Babu, alinipandisha siku ya kwanza kwenye dampa la kubeba tani 55, limezimwa, limeegeshwa mahali tambarare. "Kaa kitini, funga mkanda, tazama mbele." Akashuka. Nikamwona anaikokota baiskeli yangu (Tanga bila baiskeli utaishije) mpaka akapotelea chini ya pua ya mashine. Baada ya kitambo redio ikalia.

"Baiskeli yako unaiona?"

"Siioni, Babu."

"Tuko wangapi hapa?"

"Wewe peke yako."

"Haya shuka, bwana mdogo, uje uhesabu."

Nikashuka. Baiskeli imeegemezwa kwenye bampa. Watu wanne wamesimama mbele ya mashine na vikombe vya chai mkononi, wa tano kaegemea tairi ya mbele upande wa kulia, anatafuna muhogo. Vioo vyote nilikuwa nimevitazama. Hakuna hata mmoja niliyemwona.

Hapo ndipo penye somo la kwanza, na dereva wa barabarani ndiye anayelipata kwa tabu. Kwenye gari lako usukani uko kulia, macho yako yamezoea hivyo. Kwenye madampa mengi makubwa ya shasi moja (yasiyojikunja katikati), kibanda cha dereva kiko juu upande wa kushoto, na kulia kwako kuna sitaha pana inayoficha kila kitu kilicho chini. Tairi peke yake inampita mtu mrefu kimo. Pikapu ya foromani ikisogea karibu na pua yako inazama, kama vile haikuwepo. Kwa hiyo wewe unayeendesha pikapu, usilisogelee dampa mpaka umwite dereva kwa redio na yeye akujibu kwa maneno. Kupungiwa mkono si jibu. Na wewe uliye juu, honi ina lugha yake: machimbo mengi hupiga mara moja kabla ya kuwasha injini, mara mbili kabla ya kwenda mbele, mara tatu kabla ya kurudi nyuma. Ukishapiga, subiri sekunde kadhaa mtu apate muda wa kuondoka. Wapo wanaopiga na kuondoka papo hapo. Honi ya namna hiyo ni ya kumwarifu marehemu.

Uliza pia, kabla hujagusa chochote, magari ya humo ndani yanashika upande gani. Barabara kuu ni kushoto, hilo unalijua. Kuna machimbo ambayo kwa makusudi yanashika kulia, ili dereva aliyekaa kushoto apishane na mwenzake akimwona. Usidhani. Uliza, na uangalie mabango.

Kupanda na kushuka nalipitia haraka: uso uelekee mashine, viungo vitatu vishike wakati wote, yaani mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Chupa ya chai ikae kwenye mfuko wa mgongoni. Niliowaona wakiumia kwenye madampa, wengi hawakupinduka. Waliteleza ngazini.

Ukaguzi wa asubuhi nao usiufanye kwa kutia tiki kwenye karatasi ukiwa umeegemea ukuta. Zunguka. Tazama chini kama kuna oili, tazama tairi kama zina mikato, chungulia katikati ya tairi pacha za nyuma: jiwe likikwama pale litakata tairi, au litachomoka mwendoni na kumkuta aliye nyuma yako. Ukiona bomba la haidroliki linavuja usipeleke kidole kutafuta tundu. Oili ya shinikizo hupenya ngozi kama sindano, na kidonda chake hukioni mpaka mkono umeanza kuvimba. Tumia kipande cha boksi. Halafu jaribu breki na usukani pale pale uwanjani, kabla ya kuingia mteremkoni.

Sasa mteremko. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipokaribia kuzikwa.

Ilikuwa mwezi wa nne, masika yenyewe. Machimbo hayo siyataji. Kresha, yaani mashine ya kuvunja mawe, ilikuwa chini, mawe yanachimbwa juu, kwa hiyo tunashuka na mzigo na kupanda watupu. Mvua ilikatika alfajiri, jua likawaka, vumbi likaanza kunyanyuka, na boza la maji likapita likamwagia njia nzima badala ya kumwagia vipande vipande. Unga wa chokaa ukishika maji ni kama uji uliomwagika kwenye vigae. Mimi siku hiyo nilikuwa nashindana na mwenzangu kwa tripu. Nikaingia mteremkoni na gia moja juu ya ile iliyoandikwa kwenye bango.

Mita mia za kwanza nilijiona fundi. Katikati nikaona mwendo unazidi, nikakanyaga breki ya mguu, nikaishikilia kama nilivyokuwa nikiishikilia kwenye semi. Taa ya joto la breki ikawaka. Nikakanyaga zaidi, makalio ya dampa yakaanza kuja pembeni. Sijui ni akili au ni dua za mama: niliachia kidogo, nikaelekeza tairi kunakoteleza, na mashine iliponyooka nikaisogeza upande wa mlima mpaka tairi zikasugua tuta. Ikasimama. Miguu ilikuwa inatetemeka hata siwezi kushuka ngazi.

Babu akaja. Akasogeza kiganja karibu na ringi bila kugusa, akanitazama. "Gia ulichagua wapi?"

"Katikati, Babu, nilijaribu kushusha."

"Basi hukuchagua."

Sikumwelewa siku ile. Nimekuja kuelewa baadaye, na nitakuwekea hesabu. Dampa la kubeba tani 55 likijaa, uzito wake na wa mzigo pamoja unafika takriban tani 100. Mteremko wa asilimia 10 maana yake kila mita 100 unazokwenda, umeshuka mita 10. Uzito wote huo ukishuka huku mwendo haubadiliki, nguvu yake lazima igeuke joto mahali fulani. Ukitoa kiasi kinachomezwa na tairi kwenye njia, linabaki joto la kuchemsha zaidi ya ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita 100. Mteremko wa mita 600 ni ndoo saba au nane za maji yanayotokota. Ukilipeleka lote kwenye breki ya mguu, unategemea nini?

Ndiyo maana kuna ritada, mtambo wa kuzuia mwendo mteremkoni bila kukanyaga breki ya mguu. Kwenye madampa mengi ritada hutumia breki zilizozama ndani ya oili, na oili hiyo huzungushwa na pampu inayoendeshwa na injini, ikapoe kisha irudi. Injini ikizunguka taratibu, oili nayo inazunguka taratibu, breki zinaiva. Gia ndogo inaiweka injini kwenye mizunguko ya juu, oili inakimbia, joto linatoka. Sasa unaona kwa nini gia huchaguliwa juu, kabla pua haijainama: ukishaingia mteremkoni na mwendo, sanduku la gia huenda likakataa kushuka, na huna tena cha kuchagua. Breki ya mguu iache kwa kusimamia. Na ile tabia ya kuachia nyutro kuokoa mafuta, niliyoifanya miaka mingi barabarani na kujisifia, iache getini.

Njia ikiwa imelowa kote, simama juu, ita kwa redio, useme hushuki. Foromani atapiga kelele. Mimi nimepigiwa kelele mara nyingi, na bado nakunywa kahawa.

Kwenye kumwaga, kosa la wageni ni kuliamini tuta la ukingoni. Tuta linatakiwa lifike angalau nusu ya kimo cha tairi ya gari kubwa kuliko yote yanayopita hapo, lakini kazi yake ni kukuonyesha mwisho uko wapi. Halikuwekwa likusimamishe. Rudi nyuma ukiwa umenyooka nalo, usiliendee kwa mshazari, maana tairi ya upande mmoja itafika ukingoni kabla ya nyingine na wewe huioni. Ukiona ufa kwenye udongo, au mvua imenyesha usiku, mwaga mbali na ukingo, tingatinga litasukuma. Ardhi iwe sawa kushoto na kulia kabla ya kunyanyua bodi, lile sanduku la mzigo. Udongo wa mfinyanzi hung'ang'ania upande mmoja wa bodi, na mzigo ukibaki upande mmoja huku bodi iko juu, mashine inalala. Ikianza kulala usiruke. Mkanda umefungwa, shika usukani, kaa. Wanaoruka hulaliwa.

Bodi ishushwe kabla hujaondoka. Nyaya za umeme hazina subira. Ikitokea umegusa waya, baki ndani na uwazuie watu kwa redio wasikusogelee. Moto tu ndio utakaokutoa, na hapo unaruka miguu pamoja bila kugusa mashine na ardhi kwa wakati mmoja, kisha unajikokota bila kutanua hatua. Tairi iliyopata moto au umeme usiikaribie: inaweza kulipuka saa nyingi baadaye. Watu wakae umbali wa mita 300, na isiguswe kwa saa 24.

Usingizi nao. Zamu ya usiku, hasa mwezi wa Ramadhani, saa moja hivi baada ya daku, macho yanafunga yenyewe huku mikono inaendesha. Mirungi na vile vinywaji vya kopo vinakudanganya kwamba uko macho. Mwambie foromani, egesha, lala dakika 20. Nimeona watu wanaona aibu kusema hivyo, na sielewi aibu ya nini.

Zamu ikiisha, egesha tambarare, bodi chini, hendibreki, gogo kwenye tairi, iache injini inguruke polepole dakika chache turbo ipoe ndipo uzime. Kisha msubiri mwenzako umwambie kwa mdomo kila ulichokiona: kioo kilicholegea, taa inayowaka na kuzimika, mahali boza lilipomwaga maji mengi. Usimwachie kwenye karatasi tu. Mwenzangu mmoja aliniachia kwenye karatasi, kwa mwandiko wake ule, nikasoma "breki safi" palipoandikwa "breki si safi".