Kadi ya grafiki ipo, mbona video bado inakwama?

Mwezi huu wahariri wa video wameniandikia kwa wingi, na kilio ni kilekile: nimenunua kadi ya grafiki, kazi haijawa nyepesi. Mara nyingi kadi haina kosa. Imelala tu na hakuna aliyeiamsha, au inatarajiwa ifanye kazi isiyo yake.

Shikamoo mwalimu. Nahariri video za harusi kwa Premiere Pro kwenye laptopu yenye GTX 1650. Nikigusa rangi tu, picha inaganda na feni inanguruma. Nasikia kuna mahali pa kuiwasha kadi. Ni wapi? – Mpiga video, Tanga

Marahaba. Fungua mradi, nenda "File", "Project Settings", kisha "General". Tazama sehemu ya "Renderer". Ikiwa imeandikwa "Software Only", prosesa ndiyo inayobeba mzigo wote wa rangi na efekti. Chagua ile ya "GPU Acceleration" yenye neno CUDA; GPU ndiyo hiyo kadi ya grafiki. Mpangilio huu hukaa ndani ya mradi, kwa hiyo ukiletewa kazi na mwenzako, chungulia hapo tena. Halafu ingia "Preferences", "Media", utie tiki kwenye "hardware accelerated decoding", uifunge programu na kuifungua upya.

Laptopu ina la ziada. Nyingi zenye kadi ya NVIDIA zina pia grafiki ndogo ndani ya prosesa, na Windows huweza kuipa kazi grafiki hiyo ndogo ili kuokoa betri. Kwenye "Settings" ya Windows fuata "System", "Display", "Graphics", itafute Premiere uipe "High performance". Na uhariri chaji ikiwa imechomekwa, maana kwenye betri kadi hupunguziwa nguvu.

Ukikutana na mafunzo ya zamani yanayokwambia uandike jina la kadi yako kwenye faili la maandishi, achana nayo. Hiyo ilikuwa Premiere CS5 ya mwaka 2010, iliyokubali kadi chache tu za NVIDIA zilizoorodheshwa humo.

Fundi, wakati wa kutoa video naangalia Task Manager, GPU inasoma asilimia 5. Nimeuziwa kadi mbovu? – Mwanafunzi, Dodoma

Pole, lakini usirudi dukani kugombana bado. Hili ndilo swali ninalotamani kila mhariri angelijua jibu lake, kwa sababu tunapoteza pesa nyingi kwa kutolijua.

Kadi ina kazi tatu tofauti, na sehemu zinazozifanya ni tofauti. Ya kwanza ni kufungua faili la kamera. H.264 na HEVC, namna ambazo kamera nyingi hubania video, hubana picha kwa kuhifadhi fremu moja kamili, kisha mabadiliko tu ya fremu zinazofuata, hivyo kila ukirukia mahali kwenye taimulaini lazima fremu kadhaa zijengwe upya. Kadi ina kipande maalumu cha kazi hiyo. Ya pili ni hesabu za picha yenyewe: rangi, kupunguza au kukuza ukubwa, kutia ukungu, kuchanganya tabaka. Hapo ndipo CUDA, OpenCL au Metal ya Mac, njia ambazo programu huitumia kadi kwa hesabu, hufanya kazi. Ya tatu ni kubana video iliyokamilika, na hiyo nayo ina kipande chake: kwa NVIDIA kinaitwa NVENC, kilichoanza na kadi za Kepler mwaka 2012, Intel walitangulia na Quick Sync mwaka 2011.

Sasa rudi Task Manager, bofya GPU, uangalie kigrafu kimoja kimoja. Mara nyingi unachokiona ni cha "3D". Badilisha utazame "Video Encode" na "Video Decode". Huenda ukakuta kimoja kiko asilimia 80 na wewe unalia na 5. Vyote vikiwa chini na prosesa iko 100, hapo ndipo pa kufanyia kazi: kwenye dirisha la kutoa video, chagua "Hardware Encoding" badala ya "Software Encoding".

Tena, kama video yako ni kukata na kuunga tu, bila rangi wala efekti, sehemu ya hesabu haina cha kufanya. Asilimia 5 ni jibu sahihi. Na si kila efekti hupita kwenye kadi. Ndani ya Premiere, paneli ya "Effects" ina alama ya zile zinazoharakishwa. Efekti moja isiyo na alama hiyo, ukiitandaza juu ya video nzima, inatosha kukurudisha kwenye foleni ya prosesa.

DaVinci Resolve inaniambia "Unsupported GPU Processing Mode". Kadi yangu ni GT 710. – Kisumu

Kadi hiyo ni ya ukoo wa Kepler, na NVIDIA waliacha kuitolea draiva (programu inayoiendesha kadi) mpya za kawaida mwaka 2021. Resolve za sasa zinataka draiva ambazo yako haitazipata. Tumia toleo la zamani la Resolve, au ubadilishe kadi. Ila tahadhari: mradi ukishafunguliwa kwenye toleo jipya, la zamani haliufungui tena. Weka nakala kwanza.

Nikitumia kadi kutoa video, ubora unashuka? – Mhariri wa kanisa, Mbeya

Unashuka kidogo, kwa ukubwa uleule wa faili. NVIDIA waliboresha sana kipande chao kwa kadi za RTX 20 za mwaka 2018, na kwa video ya ibada inayokwenda YouTube sioni sababu ya kungoja prosesa kwa saa tatu nzima. Ongeza biti kidogo: YouTube wanapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa 1080p ya fremu 30, nawe peleka 12 au 16. Nakala ya kuhifadhi miaka mingi, hiyo mimi huipitisha kwenye prosesa, usiku.

Nina RTX 3060, prosesa i5-10400F na kamera ya Canon R6. Video za biti 10 hazichezi kabisa. Kadi si kubwa? – Dada mpiga picha, Mombasa

Kadi ni kubwa, dada yangu, lakini haijui lugha ya kamera yako. R6 ikirekodi biti 10 hutoa HEVC ya rangi 4:2:2, yaani yenye taarifa nyingi zaidi za rangi kuliko video ya kawaida, na kipande cha kufungulia video cha RTX 30 hakiifungui. NVIDIA waliiongeza kwenye RTX 50, mwaka 2025. Grafiki za ndani za Intel kuanzia kizazi cha 11 zinaiweza, lakini ile herufi F mwishoni mwa jina la prosesa maana yake haina grafiki ya ndani hata kidogo.

Kabla ya kununua chochote, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria. Kwenye paneli ya "Project" ya Premiere bofya kulia klipu, "Proxy", "Create Proxies". Iache ifanye kazi ukiwa umelala. Asubuhi utakata kwa raha, na wakati wa kutoa video programu itarudi yenyewe kwenye faili halisi.

Nina kompyuta ya ofisini iliyotumika, aina ya OptiPlex. Niweke kadi gani? – Kijana anayeanza, Morogoro

Pima boksi na usome lebo ya pawasaplai kwanza. Mashine hizi nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo tafuta inayotosheka na wati 75 za kwenye sloti. GTX 1650 zipo za namna hiyo, na kama boksi ni jembamba, omba ile ya kimo kifupi ("low profile"). GT 1030 usichukue hata ukipunguziwa bei: haina NVENC kabisa.

Ukishaifunga, waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la ubao mama. Na kwa kuwa kadi zilizobadilishwa jina zinazunguka sokoni, nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako. Ikitokea neno "FAKE" kabla ya jina la kadi, rudisha pesa zako mfukoni.