Anaimba namba mpaka kumi, lakini hawezi kuomba maji

*Shangazi, mwanangu wa pili ana miaka 2 na miezi 5. Mimi nauza vitenge sokoni hapa Arua. Natoka saa moja asubuhi, narudi saa moja jioni. Nikitoka tu, dada wa kazi anawasha televisheni, na haizimwi mpaka tunalala. Mtoto anaimba namba za Kiingereza mpaka kumi, ila akitaka maji ananivuta mkono hadi kwenye mtungi. Ukiizima, anajitupa chini na kugonga kichwa sakafuni. Kaka yake wa miaka 7 anaangalia sinema za kivita zilizotafsiriwa, na sasa anampiga mateke. Mama mkwe anasema watoto wa kiume huchelewa kusema, nisihangaike. Nifanye nini?*
*Mama Wawili, Arua*

Mama Wawili, tuanze na masikio kabla ya televisheni. Mtoto akifika miaka miwili tunatarajia awe na maneno kama 50 na aanze kuunganisha mawili: "mama njoo", "nataka maji". Ni kweli wavulana huwa nyuma kidogo, lakini kidogo hicho hakifiki hapa. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Arua wiki hii pamoja na kitabu chake cha chanjo, useme wazi kwamba unataka apimwe masikio na usemi. Mafua ya mara kwa mara yanaweza kuacha maji nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto akawa anasikia nusu nusu: televisheni iliyopandishwa sauti anaisikia, sauti yako kutoka jikoni haimfikii.

Kabla ya kwenda, mchunguze televisheni ikiwa imezimwa. Ukimwita jina, anageuka? Ananyoosha kidole kukuonyesha ndege au pikipiki? Anakutazama usoni? Kama ni hapana, mwambie daktari, na umtajie zile namba pia, ili aangalie usonji, yaani hali ya ukuaji inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na watu. Haijathibitishwa kwamba televisheni husababisha usonji, kwa hiyo usijibebeshe lawama hiyo. Na ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote, Kiswahili na Kilugbara pamoja. Lugha mbili nyumbani hazimcheleweshi mtoto kusema.

Sasa televisheni. Zile namba ni wimbo aliokariri. Lugha anaipata kwa mtu anayemjibu: yeye anatoa sauti, wewe unaitikia, naye anajaribu tena. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la watoto wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina. Waliocheza na mtu anayezungumza Kichina walijifunza kutofautisha sauti zake. Walioonyeshwa mtu huyo huyo kwenye televisheni hawakujifunza kitu. Utafiti mwingine wa huko, wa 2009, uliona kwamba kwa kila saa ambayo televisheni inasikika nyumbani, maneno ya watu wazima anayoyasikia mtoto hupungua kwa kama 770 hivi. Kwenu inasikika kutwa nzima. Ndiyo maana swali la "ni katuni gani nzuri?" mimi naliweka nyuma. Kwa umri wake, hasara kubwa ni mazungumzo yasiyofanyika.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Igawe nusu saa mara mbili, katika muda ambao dada anapika na hawezi kumshika mtoto. Usimgombeze dada huyo. Yuko peke yake na moto, nguo na mtoto, na televisheni ndiyo msaidizi pekee uliyemwachia, mpe kingine. Akifua, mtoto akae kando yake na beseni dogo na vikombe vya plastiki, maji yasizidi vidole vinne, asiachwe peke yake hata dakika moja, na maji yamwagwe wakimaliza. Magunzi ya mahindi ni mazuri kwa kupanga na kubomoa. Punje za mahindi na maharage hapana, ataziingiza puani.

Wakati wa kuzima, mwambie mapema: "Wimbo huu ukiisha, tunazima." Mwache abonyeze yeye, na uji au maji ya kuoga yawe tayari. Atalia. Siku za mwanzo atalia kuliko sasa, na hapo ndipo wengi hushindwa. Ukiwasha tena baada ya dakika 20 za kilio, umemfundisha kwamba dakika 20 ndiyo bei. Weka mto chini ya kichwa chake, kaa karibu, usiseme mengi, usimpige. Dada afanye vilevile, la sivyo mchana utabomoa ulichojenga jioni. Akigonga kichwa hata asipokuwa na hasira, hilo nalo mwambie daktari.

Kuhusu kaka yake: watoto huiga kipigo wanachokiona. Majaribio ya mwanasaikolojia Albert Bandura ya miaka ya 1960 yalionyesha hivyo hata kwa kipigo cha kwenye filamu. Katika sinema zetu zilizotafsiriwa, tena, sauti ya mtafsiri hushangilia ngumi, na aliyepigwa haonekani akiuguza kidonda. Sinema hizo ziondoke kwenye flashi anayoifikia, wakubwa waziangalie watoto wakishalala. Akipiga teke, mzuie papo hapo na umwonyeshe palipouma.

Ukirudi saa moja jioni, televisheni izimwe mpaka walale. Ukimwogesha, taja unachokigusa: mguu, sabuni, maji. Akikuvuta kwenye mtungi, shika kikombe usawa wa uso wako, sema "maji", kisha nyamaza uhesabu kumi moyoni. Akitoa "ma" au sauti yoyote, mpe. Asipotoa, mpe pia, usimnyime maji ili aseme.

Leo andika kwenye karatasi kila neno analolisema mwenyewe bila kuiga, na tarehe. Baada ya wiki nane, kama masikio ni mazima na orodha haijaongezeka, rudi hospitali na karatasi hiyo, uombe rufaa kwa mtaalamu wa usemi. Wataalamu hao ni wachache Uganda, kwa hiyo omba miadi mapema.