Binti anataka kufuata mambo ya mafua, nimwache?

SWALI: Daktari habari, binti yangu yuko mwaka wa tano wa udaktari, sasa anasema anataka kufanya kazi ya kujipanga na milipuko ya mafua. Kwani mafua si unakunywa chai ya tangawizi yanaisha? – Mama wa Kayole

JIBU: Mama, usimzuie kabisa. Mafua anayosema si yale ya kawaida ya tangawizi, ni influenza, na ya 1918 yaliua watu wanaokadiriwa kuwa milioni 50. Muangalie Margaret Chan, alisomea udaktari Canada akarudi Hong Kong akawa mkuu wa afya, na 1997 virusi vya mafua ya ndege, H5N1, vikatoka kwa kuku vikaingia kwa watu, 18 wakaugua na 6 wakafa, ikabidi kuku zaidi ya milioni moja wauawe kwa siku chache tu, hebu fikiria kuwaambia hivyo wauza kuku wa soko la Burma hapa Nairobi! Lakini maambukizi kwa watu yakakoma. Baadaye akaongoza Shirika la Afya Duniani (WHO) 2007 hadi 2017, yeye ndiye alitangaza janga la mafua ya H1N1 mwaka 2009.

Virusi vya mafua hubadilika kila mara, ndio maana aina za kuweka kwa chanjo huchaguliwa mara mbili kwa mwaka, na sampuli za wagonjwa lazima zitoke hospitali za kawaida, hata zetu. Amalize intanshipu kwanza lakini, wodini ndiko atajua mgonjwa wa mafua makali anakaaje.